Alfred Braun: mtangazaji wa Berlin aliyefungwa na Wanazi, halafu akaja kuwaandikia filamu. Tumjadili

Antena ya Paa

Wakuu salama? Leo nataka tumzungumzie mtu ambaye humu sijaona akiandikiwa uzi, na inaniuma kwa sababu kila tukigusa historia ya redio tunaanza na Marconi halafu tunarukia BBC moja kwa moja, kana kwamba Ujerumani hapo katikati walikuwa wamelala. Anaitwa Alfred Braun. Kazaliwa Berlin tarehe 3 Mei 1888 na kafia hapohapo Berlin Januari 1978, na katikati hapo kawa mwigizaji wa jukwaani, mtangazaji, mwongozaji wa michezo ya redio, mfungwa, mkimbizi, mwandishi wa skripti za filamu za enzi ya Hitler, mwongozaji wa filamu, na mwishoni bosi wa kituo cha redio. Mtu mmoja huyo. Uzi ni mrefu, soma kidogokidogo.

Kwanza mazingira. Redio ya umma Ujerumani imefunguliwa tarehe 29 Oktoba 1923 saa mbili usiku, kwenye jengo la Vox-Haus karibu na Potsdamer Platz, wimbi la mita 400, kituo baadaye kikaitwa Funk-Stunde. Huo ndo ulikuwa mwaka ambao hela ya Ujerumani ilikuwa imekufa kabisa. Msikilizaji wa kwanza kukata leseni, muuza tumbaku wa Moabit, alilipa marki bilioni 350. Bilioni! Kwa hiyo watu wanafungua redio nchi ikiwa haina hata hela ya kununulia mkate, na wengi waliona ni kichaa. Kuingia Januari 1924 nchi nzima ina leseni 1,580 tu, lakini ikifika 1932 zimepita milioni 4. Ndani ya miaka minane! Kupanda kwa namna hiyo hakuletwi na mitambo peke yake, lazima kuna watu walikuwa wanaongea vitu ambavyo mtu anatamani kuvisikia.

Braun kaingia hapo 1924 akitokea jumba la tamthilia la Schillertheater, alikokuwa akiigiza tangu kijana. Na muelewe wasikilizaji wengi wa mwanzo walikuwa na redio za kristali, zile zisizotaka umeme wala betri, unachokonoa kijiwe na kisindano mpaka stesheni inakamata, na unasikiliza kwa hedifoni, maana redio yenyewe haina nguvu ya kusukuma spika. Yaani sauti inaingia sikioni kwako wewe mmoja. Ukipiga kelele za jukwaani kwenye mtambo wa hivyo unamchosha mtu dakika mbili tu. Mwigizaji aliyezoea kurusha sauti mpaka kiti cha mwisho ilibidi ajifunze upya kuongea, na Braun aliliweza hilo vizuri mno.

Nakuja na sehemu ya pili.

BintiKisutu

Nimeketi chini kabisa. Endelea kaka, hizi mada ndo tunazitaka siyo kila siku mpira na siasa.

Fundi Spika

Mkuu naongezea hapo kwenye mitambo. Maikrofoni iliyotamba sana studio za Ujerumani miaka hiyo ni ya Reisz, ndani unga wa kaboni, na bodi lake lilikuwa bonge la marumaru, jiwe kweli, ili lisitetemeke. Georg Neumann kabla hajafungua kampuni yake ya maikrofoni 1928 alikuwa hapo kwa Reisz. Kaboni ina mvumo wake wa chinichini ambao hauondoki, kwa hiyo ukitaka kimya kwenye mchezo wa redio hukipati kimya chenyewe, unapata "shhh". Mwongozaji lazima aujue mtambo.

Antena ya Paa

Fundi asante sana, na hilo linanisaidia kwenye sehemu ya pili ambayo kwangu ndo penye utamu.

Mwanzoni redio zilikuwa zinachukua tamthilia ya jukwaani na kuisoma kama ilivyo. Braun akapewa usimamizi wa michezo ya Funk-Stunde, na Januari 1925 wakarusha tamthilia ya Schiller, mwandishi wao wa zamani, mambo ya kawaida hayo. Ila baada ya muda yeye na wenzake pale Berlin wakaanza kutengeneza kitu walichokiita filamu ya sauti. Alikuja kueleza mwenyewe walivyofanya: vipande vifupi vifupi, dakika moja upo barabarani Leipziger Platz na makelele yake yote, dakika moja upo kwenye maandamano, dakika nyingine soko la hisa siku bei zinaporomoka, mara mashine za kiwandani, mara uwanja wa michezo, mara stesheni treni inaondoka. Na kila kipande kina umbali wake, kuna sauti ipo puani kwako na kuna sauti ipo mtaa wa pili, inafifia hii inaingia ile, kabisa kama kamera inavyosogea karibu na kurudi nyuma.

Sasa angalieni miaka. Hii ni katikati ya miaka ya 1920, na kwenye majumba ya sinema filamu bado bubu! Watu wanatazama picha huku mpiga kinanda anapiga pembeni. Kweli wale mafundi watatu wa Tri-Ergon, yaani Vogt, Engl na Massolle, walishaonyesha filamu yenye sauti Berlin Septemba 1922, lakini sinema za kuongea zimekuja kushika Ujerumani kuanzia 1929 hivi. Maana yake redio iliazima ukataji wa picha kutoka sinema bubu na kuupa sauti kabla sinema zenyewe hazijaweza. Mimi hili ndo lililonifanya nimfuatilie huyu mzee, kwa sababu tumezoea kuambiwa redio ni mdogo wake sinema.

Na hakukuwa na tepu. Magnetophon ya AEG, mashine ya kurekodi kwa tepu, imeonyeshwa kwa watu 1935. Kwa hiyo treni, umati, mashine, vyote vinapigwa laivu au kwa santuri, waigizaji wanahama kutoka maikrofoni moja kwenda nyingine kimyakimya, ukikosea nchi nzima imesikia na huna cha kurudisha.

Mlinzi wa Zamu

Aisee. Sasa hiyo filamu ya sauti kuna mfano umebaki mtu akausikia?

Antena ya Paa

Upo mzuri sana. Novemba 1929 Braun aliongoza mchezo wa Friedrich Wolf unaoitwa "SOS ... rao rao ... Foyn – Krassin rettet Italia", na rekodi ipo mpaka leo, na ni kati ya michezo michache mno ya redio ya enzi hiyo iliyosalimika. Kisa chenyewe ni cha kweli: Mei 1928 meli ya angani Italia ya Jenerali Nobile ilianguka kwenye barafu ikitokea Ncha ya Kaskazini. Walionusurika walikuwa na kiredio kidogo cha masafa mafupi, fundi wao Biagi anatuma SOS kila siku hakuna anayemjibu. Aliyekuja kuikamata ni kijana mmoja wa kijijini Urusi, Nikolai Schmidt, mpenzi tu wa redio asiyeajiriwa na mtu, na meli ya Kisovieti ya kuvunja barafu Krasin ikawafuata mpaka ikawachukua Julai. Roald Amundsen aliyekwenda kuwatafuta kwa ndege hakuonekana tena.

Sasa fikiria, ni mchezo wa redio unaohusu redio. Unasikia ishara, unasikia vituo vya nchi mbalimbali vinaitana, lugha zinapishana, barafu, upepo. Hauhitaji picha hata moja. Mimi Kijerumani changu ni cha kuunga unga na bado mwili ulinisisimka.

Na mwaka huohuo 1929 ndo mwaka wake wa kuripoti. Tarehe 6 Oktoba alitangaza mazishi ya Gustav Stresemann, waziri wa mambo ya nje, Berlin imejaa watu barabarani. Desemba yupo Stockholm anaripoti Thomas Mann akipewa Nobel ya fasihi. Mkumbuke hilo jina la Stresemann, tutakutana nalo tena.

Mwanakwetu wa Bara

Kaka mimi nyumbani tulikua na Sauti ya Ujerumani asubuhi na mchana, babu hakubali mtu aguse redio wakati wa taarifa ya habari. Hii stesheni ya Braun ndo ilikuja kuwa Deutsche Welle?

Antena ya Paa

Hapana mkuu, ni vitu viwili. Deutsche Welle tunayoijua sisi imeanza 1953 kwa ajili ya nje ya Ujerumani na idhaa ya Kiswahili ikaanza 1963. Funk-Stunde ilikuwa ya Berlin na ilikufa na Wanazi. Nakuja hapo sasa hivi.

Antena ya Paa

Sehemu ya tatu, na hii naomba tuisome taratibu.

Januari 1931 redio ya Berlin ilihamia jengo jipya, Haus des Rundfunks barabara ya Masurenallee, mchoro wa Hans Poelzig. Ofisi zimepangwa ukingoni kuzunguka, kumbi za kurushia matangazo zipo katikati, ili kelele za mjini ziishie kwenye ofisi zisifike kwenye maikrofoni. Mpaka leo watu wa sauti wanalisifia.

Ni kwenye hiyo miaka ambapo Aprili 1932 Braun aliongoza mchezo wa mwandishi Bertolt Brecht, ule wa Yohana Mtakatifu wa machinjioni, matajiri wa nyama wa Chicago na wafanyakazi waliofungiwa mageti kwenye baridi. Majukwaa ya Ujerumani yalikuwa yanauogopa, redio ikaurusha, ikiwa imeufupisha. Waigizaji: Carola Neher, Fritz Kortner, Helene Weigel, Peter Lorre, Ernst Busch. Haukupita mwaka Hitler kashika nchi. Kortner nje, Lorre nje, Busch nje, Weigel na Brecht mumewe waliondoka Berlin siku moja baada ya Bunge kuungua, Februari 1933. Carola Neher alikwenda Urusi ya Stalin, akafungwa huko na akafia gerezani 1942. Friedrich Wolf aliyeandika SOS, daktari, Myahudi na mkomunisti, naye akakimbia. Kikosi kizima kilichokuwa studio moja jioni moja!

Braun mwenyewe alikuwa mtu wa SPD, chama cha wasoshalisti wa kidemokrasia. Agosti 1933 walikamatwa yeye, Hans Flesch aliyekuwa bosi wa Funk-Stunde, Kurt Magnus na Heinrich Giesecke waliokuwa wakurugenzi wa shirika la redio la taifa, wakapelekwa kambi ya Oranienburg, iliyokuwa kiwanda cha zamani cha bia katikati ya mji, inaendeshwa na SA, wanamgambo wa Wanazi. Walipangwa mstari wakapigwa picha, pamoja na wanasiasa Ernst Heilmann na Friedrich Ebert mdogo, mtoto wa rais wa zamani, na picha ikachapishwa ili taifa liwaone wameshushwa. Utawala mpya uliichukia ile redio na ulitaka watu waone nani anaimiliki sasa. Kambi hiyohiyo ndo alipouawa mshairi Erich Mühsam Julai 1934.

Friedrich Georg Knöpfke, mkurugenzi wa Funk-Stunde tangu siku ya kwanza, alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, na Septemba 1933 akajiua. Hans Bredow, ambaye Wajerumani wanamhesabu baba wa redio yao, alijiuzulu siku ileile Hitler alipoapishwa, na wenzake walipokamatwa akampelekea Rais Hindenburg simu ya maandishi kwamba kama hawa wana kosa na mimi ninalo, nikamatwe. Wakamkamata kweli, akakaa ndani zaidi ya mwaka. Mimi nikisoma habari ya Bredow nasimama kidogo kabla sijaendelea.

BintiKisutu

Duh. Hiyo ya Knöpfke imeniumiza. Na Braun alitokaje?

Antena ya Paa

Aliachiwa, akakimbilia Uswisi akarudi kwenye uigizaji. Na 1939 akarudi Ujerumani.

Hapo ndo wengi wanaomsifia hupenda kuruka, na mimi sitaki turuke. Aliporudi akaingia kwenye filamu, upande wa Veit Harlan, mwongozaji mkubwa wa Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler. Jina la Braun lipo kwenye skripti ya Die goldene Stadt ya 1942, Immensee ya 1943, Opfergang ya 1944, zote za rangi, Agfacolor, teknolojia iliyokuwa juu kabisa kwa wakati huo Ulaya. Halafu Kolberg.

Kolberg ni filamu aliyoiagiza Goebbels mwenyewe 1943, inahusu mji uliogoma kusalimu amri kwa jeshi la Napoleon mwaka 1807. Ilikula mamilioni ya marki, na askari kwa maelfu walitolewa kuwa watu wa nyuma ya picha huku nchi inashindwa vita. Ujumbe ni mmoja: kufeni wote lakini msisalimu amri. Skripti: Veit Harlan na Alfred Braun. Imezinduliwa tarehe 30 Januari 1945 Berlin na La Rochelle, mji wa bandari Ufaransa ambako wanajeshi wa Kijerumani walikuwa wamezingirwa, kopi ikapelekwa kwa ndege. Mwezi Machi Kolberg yenyewe, mji halisi, ikaangukia mikononi mwa Warusi na Wapolandi, na Goebbels akazuia habari isitangazwe.

Mlinzi wa Zamu

Mimi hapa natofautiana na wewe kidogo mkuu. Mtu amekaa kambini, amepigwa picha kama mwizi, mwenzake amekufa. Amerudi nchini, anajua mlango wa kurudi kambini uko wazi. Unaambiwa andika, utasema nini? Tusiwahukumu watu tukiwa tumekaa sebuleni.

Fundi Spika

Mlinzi, lakini hakukamatwa akarudishwa, alirudi kwa miguu yake. 1939 yupo Uswisi.

Mlinzi wa Zamu

Uswisi siyo rahisi kwa mkimbizi, Fundi. Kibali cha kazi tabu, lugha yako ndo chombo chako na wenyeji wana watu wao. Mtu wa miaka 51. Sijasema alifanya vizuri, nasema namwelewa.

Antena ya Paa

Mlinzi nakuelewa na hoja yako ya umri na kazi ni ya kweli. Ila mimi nimeipima hivi. Kuna kazi za kula na kuna kazi za kubeba bendera. Angecheza nafasi ndogo kwenye vichekesho vya kimapenzi, walivyofanya wengi, nisingeandika aya hata moja. Skripti ya filamu inayowaambia raia wafe wakati wakubwa wanajua vita imeisha, hiyo ni kazi nyingine. Na yeye alijua kuliko mtu yeyote sauti na picha zinamfanya nini msikilizaji, ndo taaluma aliyoijenga mwenyewe miaka kumi.

Halafu muangalie Flesch. Yeye 1924 akiwa Frankfurt ndo aliyeandika na kurusha mchezo wa kwanza kabisa wa redio wa Kijerumani uliotungwa kwa ajili ya redio, Zauberei auf dem Sender. Alikuwa Oranienburg na Braun, picha ileile. Redio hakuiona tena. Alirudia udaktari, na 1945 vita vikiisha akapotea, hakujulikana alipo. Leo ukiuliza waanzilishi, Flesch hata Wajerumani wengi hawamjui. Mimi hicho ndo kinachonikera zaidi kuliko Kolberg yenyewe.

Kitu kingine cha kutafakari: nyota wa Kolberg, Heinrich George, baada ya vita alikamatwa na Warusi akafa Septemba 1946 kambi ya Sachsenhausen, ambayo ipo mji uleule wa Oranienburg.

BintiKisutu

Kwa hiyo Braun naye alishtakiwa baada ya vita?

Antena ya Paa

Aliyeburuzwa mahakamani ni Harlan, Hamburg, akaachiwa 1950. Braun aliendelea na kazi. Akaongoza filamu Mädchen hinter Gittern 1949 ya wasichana waliofungwa, na Ave Maria 1953 akiwa na Zarah Leander. Kama mwongozaji wa sinema, kwa maoni yangu alikuwa wa kawaida, sikio lake lilikuwa kubwa kuliko jicho lake.

Halafu ikaja heshima kubwa. Juni 1954 Berlin Magharibi ikafungua kituo chake, Sender Freies Berlin, na bosi wa kwanza akawekwa Alfred Braun. Lakini sikilizeni hii: lile jengo la Poelzig lilikuwa sekta ya Waingereza, ila ndani walikaa Wasovieti tangu 1945 hawataki kutoka! Redio ya Ujerumani Mashariki ilirushia humo miaka, mpaka 1952 Waingereza wakalizungushia seng'enge. Lilikuja kuachiwa Julai 1956, na kituo kikahamia 1957, mwaka ambao Braun ndo anamaliza muda wake. Na mwaka huohuo ikatoka filamu yake Stresemann, Ernst Schröder akicheza huyo waziri ambaye Braun alitangaza mazishi yake miaka 28 nyuma. Nadhani hiyo ndo filamu aliyokuwa anaidai nafsi yake. Kipindi chake cha Spreekieker kikawapendeza sana Waberlin, wakamzoea kama mzee wa mji.

Mwanakwetu wa Bara

Mkuu hongera kwa kazi. Tunaotaka kusikia tuanzie wapi? Nipe viwili vitatu tu visivyochosha.

Antena ya Paa

Anza na hiyo SOS ya 1929 hata kama hujui Kijerumani, kisa nimeshakupa juu hapo, utafuata kwa sauti tu. Kisha ripoti ya mazishi ya Stresemann, ipo sehemu yake, sikiliza anavyoshusha sauti msafara ukikaribia. Usishangae kutopata kitu cha 1925 au 1926, ni kwa sababu kurekodi vipindi kwa utaratibu kumeanza mwishoni mwa miaka ya 1920, kabla ya hapo kikishatoka kimetoka.

Cha tatu siyo cha Braun ila kinakaa jirani naye: Weekend ya Walter Ruttmann, yule wa sinema, Flesch ndo aliyemwagiza. Alirekodi sauti za Berlin toka Jumamosi kazini mpaka Jumatatu asubuhi kwenye mkanda wa filamu wa Tri-Ergon, akaukata na mkasi kama muvi, picha hakuna. Ni dakika 11 na kidogo, imerushwa 13 Juni 1930. Vaa hedifoni.

Fundi Spika

Nimeshaipata hiyo Weekend, naisikiliza usiku huu huu. Nitarudi kuwaelezea mikato yake imefanyika vipi, maana mkanda wa filamu sauti inachorwa kwa mwanga, unaweza kuukata popote na kuuunganisha upya, santuri ya nta isingekuruhusu.